Mume wangu anasema Matugga ni Kampala

Shangazi, asalaam aleikum.

Nimezaliwa Kibuli, nikaolewa Old Kampala, na maisha yangu yote sijawahi kuishi mahali ambapo siwezi kufika mjini kwa miguu. Mume wangu anauza spea za magari Kisekka. Mimi nina duka la vitenge katika akedi moja, jengo la maduka madogo, jirani na Arua Park, stendi ya mabasi ya kaskazini. Tuna watoto watatu, na sote watano tunakaa chumba na sebule, choo tunachangia na wapangaji wenzetu. Sikatai kwamba tumebanana. Kijana wangu mkubwa ana miaka kumi na mbili, analala sebuleni baada ya meza kusogezwa ukutani, na wadogo zake wa kike wanalala chumbani pamoja nasi.

Mwezi uliopita mume wangu alitupakia Jumapili mchana kwenye gari la rafiki yake, akatupeleka Matugga, akasimama mbele ya shamba la mihogo akasema, "Hapa ndipo kwetu." Kiwanja cha hamsini kwa mia. Ameshalipa nusu ya pesa. Mimi sikuulizwa. Anasema tutajenga vyumba viwili vya nyuma kwanza, tuhamie Januari kabla shule hazijafunguliwa, nyumba kubwa itakuja Mungu akijaalia.

Nikamwambia, umeninunulia shamba. Akanijibu kuwa Matugga ni Kampala, lami imenyooka, taksi (matatu) zinajaa tangu alfajiri, maduka yapo, umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, upo. Nikamwambia Kampala inaishia Kawempe, ukitoka hapo uko Wakiso, wilaya nyingine. Tangu siku hiyo ni wimbo huo huo, Kampala, si Kampala, hata watoto wameufanya mchezo.

Kilichonichoma zaidi ni kikao cha harusi ya mdogo wetu. Kamati ya usafiri ikasema watu wa Kampala watajitegemea, wa kijijini watakodiwa kosta. Dada yangu anayekaa Kyaliwajjala akasema mbele ya watu wote, "Basi huyu mwandikeni kwenye kosta." Watu walicheka mpaka nikatoka nje.

Lakini linaloninyima usingizi ni biashara. Wateja wangu wazuri ni wasafiri wa usiku. Mama wa Koboko, kule mpakani kaskazini-magharibi, anaingia saa mbili usiku, mzigo wake umeshafungwa juu ya basi, anachagua vipande vitano vya yadi sita huku jicho moja liko barabarani kwa konda. Mtu kama huyo habishani sana bei. Nikifunga saa kumi na moja niwahi Matugga, atakwenda duka la jirani. Nikifunga saa tatu, nitafika nyumbani saa ngapi, na nitashuka gizani na nani?

Halafu huku kwetu, kuanzia Old Kampala mpaka Kisenyi, Kiswahili nakisikia tangu asubuhi. Kule nitapiga soga na nani? Na nisisahau, Matugga ni njia ya Bombo, na Bombo ndiko kwa mama mkwe wangu.

Shangazi, ni kiburi cha mjini tu kinanisumbua, au nina haki? Mume wangu anataka kumalizia pesa mwisho wa mwezi huu.

Mama Rahma, Old Kampala

*

Mama Rahma, waaleikum salaam.

Tumalizane kwanza na dada yako, maana huyo ni mwepesi. Kyaliwajjala iko Manispaa ya Kira, na Kira iko Wilaya ya Wakiso. Kama kosta ya kijijini itapita, mwambie ajiandae mapema, aje na kiti cha dirishani. Uwanja wa Namboole uko Wakiso pia. Namugongo ambako mahujaji humiminika kila tarehe 3 Juni iko Wakiso. Uwanja wa ndege wa Entebbe, ambao kila mgeni akitua anapiga simu kwao kusema amefika Kampala, nao uko Wakiso. Ukifuata mpaka wa ramani utakuta nusu ya wanaojiita watu wa Kampala hawamo.

Na huo ukuta wako wa Kawempe, nani kaujenga? Kampala ilipata hadhi ya jiji mwaka 1962, na wakati huo Kawempe ilikuwa nje. Mwaka 1968 ndipo mipaka ilipopanuliwa ikameza Mengo, Kawempe na Nakawa. Bibi yako akiwa msichana wa Kibuli angekushangaa kusikia Kawempe ni mjini. Wewe mwenyewe unakaa kwenye kilima ambacho Lugard, yule Kapteni Mwingereza, alipiga kambi Desemba 1890, pale ndipo mambo yalipoanzia, lakini ofisi za serikali zilihamia Nakasero na Old Kampala ikabaki na jina. Kitovu chenyewe kilihama. Tangu 1968 mstari umekaa karibu pale pale, wanaohama ni watu. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 1.5 Kampala na karibu milioni 2 Wakiso. Ile ya 2024 ikakuta Kampala takribani milioni 1.8 na Wakiso zaidi ya milioni 3.4. Hao wote hawalimi mihogo. Simama Bwaise saa kumi na mbili asubuhi utawaona wanavyoingia. Jioni akedi zenu zikifungwa, wenye maduka wengi wanarudi huko huko.

Sasa mumeo asije akacheka mapema. Lami na Yaka havimpi ushindi. Mpaka wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, si kitu cha bure, una mambo yake: unapokaa ndipo unapomchagulia meya, ndipo unapoulizia shule ya serikali na kituo cha afya, ndipo unapojua gari la taka litapita au halitapita. Ukihamia Matugga utakuwa mtu wa Manispaa ya Nansana, na barabara ya kuingia kwenu ikiwa matope utalalamikia Nansana, ofisi za City Hall hazitakusikiliza. Duka lako litabaki upande wa KCCA na leseni utaendelea kuilipa kule. Utakuwa unalipia jiji mchana na kulala nje yake usiku. Jiji nalo lina tabia hiyo hiyo ya kuwageuzia jirani mambo yake: taka za Kampala kwa miaka mingi zilikuwa zinamwagwa Kiteezi, ndani ya Wakiso, mpaka lile rundo lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30. Waliofukiwa pale wengi walikuwa majirani wa jalala na waokota taka. Kwa hiyo mtu akikwambia Wakiso si Kampala, anasema kweli kwa karatasi. Akikwambia ni Kampala, naye hajakosea.

Ndiyo maana naona huu ubishi wenu wa Kampala, si Kampala, hautawafikisha popote. Hata mkipata hakimu leo, akaamua Matugga ni jiji kamili, je, mama wa Koboko atanunua kitenge wapi saa mbili usiku? Na akiamua ni kijiji, kijana wako ataacha kulala sebuleni? Katika barua yako yote mna sentensi moja fupi kuliko zote, "Mimi sikuulizwa." Hiyo ndiyo ugomvi. Kampala mmeitafuta ili mpate cha kugombania mbele ya watoto.

Mwambie hivyo, kwa maneno machache, siku ambayo hakuna mgeni. Usilete kiwanja, usilete mihogo. Mwambie umeumia kwa sababu nusu ya pesa ilitoka wewe ukiwa dukani unauza, na huenda sehemu ya pesa hiyo ni yako. Mume wa Kisekka anayebishana na wateja kuhusu gia boksi kutwa nzima anaweza kulisikia hilo bila kuanguka.

Tuje kwenye safari, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako. Ulionyeshwa Matugga Jumapili mchana kwa gari la mtu. Hiyo si safari, hiyo ni matembezi. Nenda siku ya kazi. Funga duka saa mbili na nusu, panda taksi kwenye stendi unayoijua, kaa mle ndani isubiri kujaa, halafu pita Wandegeya, Bwaise, Kawempe, Maganjo, Kawanda. Rudi asubuhi yake ukiwa na watoto. Chagua na siku ya mvua, kwa sababu Bwaise ikijaa maji barabara nzima inasimama na nauli inapanda kabla hujafungua mwavuli. Andika muda uliotumia na pesa zilizokutoka, pamoja na boda ya mwisho kutoka lami hadi mlangoni. Hiyo boda ndiyo watu husahau kuihesabu, na usiku bei yake ni ya mwenye pikipiki. Mume wako afanye safari hiyo pamoja nawe, mkiwa mmesimama wote wawili kwenye foleni. Mwanamume akishakaa kwenye foleni ya Bwaise na mtoto aliyesinzia mapajani, maneno ya lami imenyooka hupungua yenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo hamjaliona nyote wawili, na nimeshangaa kwa sababu wewe ni mfanyabiashara. Basi la Koboko linapita wapi? Likitoka Arua Park linashika barabara ya Bombo. La Arua vivyo hivyo, na ya Juba kupitia Gulu na Elegu nayo ni njia hiyo hiyo. Wateja wako wa usiku, wote unaowalilia, watapita mbele ya kituo chenu cha Matugga na mizigo yao juu.

Sisemi uhamishie duka barabarani. Kitenge hununuliwa kwa kidole, mtu anakipapasa, anakisugua, anakikunjua kwenye taa kuona rangi kama imeshika upande wa pili. Mteja mpya hawezi kununua kupitia dirisha la basi. Ila mama wa Koboko si mpya. Anajua mali yako, anajua hujamuuzia chapa ya bandia. Huyo unaweza kumtumia picha za mali mpya kwenye WhatsApp asubuhi, akachagua, akalipa kwa simu, na vipande vyake vikamsubiri. Siku ukiwa mjini atavichukua dukani. Siku umewahi nyumbani, unamkabidhi kituoni Matugga, mradi konda umeshazungumza naye na amekubali kusimama. Wengine hawasimami, hilo lazima ujaribu kabla ya kuahidi mtu. Anza sasa hivi, ukiwa bado Old Kampala, na wateja wako wachache wa kudumu. Ikifanya kazi, utahama na biashara mkononi. Isipofanya kazi, utakuwa na hoja yenye uzito kuliko kosta ya dada yako.

Kwa wale wa kupapasa, duka lazima lifungwe na mtu mwingine siku kadhaa za wiki. Mpwa wako, binti wa jirani, msichana aliyeshazoea akedi, yeyote unayemwamini na droo. Utamlipa, na faida ya jioni itapungua. Hesabu hiyo iwekeni mezani pamoja na kodi mnayolipa sasa. Hujaniambia kodi ni kiasi gani, na mumeo naona hajakuomba hesabu ya duka. Mnazungumzia kuhama bila mmoja kujua pesa za mwenzake.

Sasa karatasi. Hapa sitakubembeleza. Umetaja kiwanja, umetaja nusu ya pesa, hukutaja hati. Buganda ardhi moja inaweza kuwa na wenyewe wawili, mwenye mailo ambaye ndiye mwenye hati, na mwenye kibanja anayekaa juu yake na kulipa busuulu, yaani kodi ya ardhi. Sheria inawatambua wote wawili. Mihogo uliyoiona ni ya nani? Kama aliyewauzia ni mwenye kibanja, sheria inamtaka kwanza ampe mwenye mailo nafasi ya kununua, na mauzo yafanyike kwa idhini yake. Mkimruka, mtakuwa mmenunua kesi. Bloka, yaani dalali, atawaambia hilo ni jambo la baadaye, kwamba mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ameshapiga muhuri. Muhuri wa LC1 unaonyesha kwamba kijiji kimewaona, hauhamishi ardhi ya mtu. Kama aliyewauzia anasema ana hati, chukueni namba zake mkaitafute ofisi ya ardhi ya Wakiso, mwone jina lililopo, na kama benki imeishikilia. Usikubali nakala iliyokunjwa mfukoni mwa bloka.

Pimeni pia. Hamsini kwa mia ni futi, na inatoka kama desimali (sehemu ya mia ya ekari) kumi na moja na nusu. Bloka huita kumi na mbili, halafu barabara ya kuingilia inamega upande mmoja na jirani anamega mwingine. Mwiteni mpima, mawe ya mpaka yaonekane, majirani wawepo na waseme kwa mdomo wao.

Na mkataba uandikwe majina mawili, lako na lake. Mwambie hivi: pesa zilizotoka bila mimi sitazifuata, ila sahihi ya mwisho nitakuwepo. Sheria ya Ardhi tangu marekebisho ya 2004 inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi bila idhini ya mwenzake. Hiyo itakulinda mkishahamia. Kabla ya hapo, wakati bado ni shamba la mihogo, kinachokulinda ni jina lako kwenye karatasi.

Kuhusu soga, hapo umenichekesha. Unahamia kwenye njia ya Bombo, penye kambi ya jeshi na Wanubi wa vizazi na vizazi, halafu unaogopa kukosa wa kuongea naye Kiswahili? Waganda wa Matugga nao si mabubu, na Luganda yako ya Kibuli, najua, haina tatizo. Wapweke hasa ni wale wanaotoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne usiku, majirani wanawajua kwa taa zao tu. Ndiyo maana nasisitiza ratiba ya duka.

Mama mkwe umemweka mwishoni kwa mstari mmoja, eti "nisisahau". Mwanangu, wanawake hawasahau hivyo. Kama una kisa naye, kitaje kwa mumeo kabla ya matofali, mkubaliane anakuja lini, anakaa muda gani, na nani ana ufunguo. Kama huna kisa, ukaribu wake ni faida kwako kuliko unavyodhani. Siku foleni ya Bwaise imekukamata na watoto wametoka shule, kuna mtu wa Bombo anayeweza kufika kwako kwa taksi moja.

Mimi ningehama. Mvulana wa miaka kumi na mbili na wasichana wanaokua hawawezi kuendelea hivyo kwenye chumba na sebule, na kodi ya karibu na mjini haina siku ya kushuka. Lakini nisingehama Januari. Vyumba viwili vinavyojengwa kwa haraka ya kuwahi muhula huisha bila dari na bila tangi la maji, halafu mke ndiye anayebeba jerikani. Na msihamishe watoto shule katikati ya mambo haya. Mwambie mumeo: mwezi huu karatasi, na ile nusu ya pili isitoke mpaka mwenye mailo ameonekana uso kwa uso na risiti ya busuulu imeonekana. Muhula wa kwanza, mjenge polepole na wewe ujaribu biashara ya simu. Muhula wa pili, mpangishe chumba Kawanda au Matugga kwa mwezi mmoja au miwili, wewe na yeye, watoto wabaki kwa mama yako Kibuli siku za shule, mwone kama maisha yanakaa. Ni gharama, ndiyo, lakini ni ndogo kuliko kujenga mahali utakapokimbia.

Akikataa kusubiri, muulize kwa upole aliyemuuzia anaharakisha nini. Nami ningependa kulisikia jibu hilo, niandikie.

Shangazi yako